Breki Tatu za Hayrat

Katika mtaa wa Mahabibo, mjini Mahajanga, moshi wa kwanza wa asubuhi ulitoka kwa Hayrat. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa tayari jikoni, akioka mokary. Mokary ni vitumbua vya unga wa mchele na tui la nazi. Vya Hayrat vilikuwa na iliki ya kutosha, na watu wa mtaa waliamka kwa harufu yake.

Saa moja asubuhi alivipanga kwenye sanduku la mbao. Sanduku alilifunga kwa kamba nyuma ya pikipiki yake. Kisha alivaa kofia ngumu juu ya mtandio, akajifunga vizuri salovana yake, ile nguo wanayojitanda wanawake wa pwani hiyo, akaondoka. Alipita sokoni, akashika barabara ya Amborovy, kule kwenye hoteli za ufukweni. Jioni alienda tena, safari ya pili.

Pikipiki hiyo aliinunua kwa mokary. Alioka miaka mitatu mpaka akaipata. Lakini karatasi za pikipiki ziliandikwa jina la mumewe, Allaoui, kwa sababu siku ya kuandikisha Hayrat alikuwa na homa. Siku ile hakuna aliyeona kwamba jambo hilo lina uzito.

Allaoui alikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu mpole, mwenye hofu nyingi. Akimwona mkewe anawasha pikipiki, alisoma dua kimoyomoyo. Na akimwona kaka yake mkubwa, Maoulida, alikuwa mtoto tena.

Maoulida aliishi Nosy Be. Kazi yake ilikuwa kufunga taa na mashine kwenye boti za abiria, zile zinazovuka kwenda Ankify, upande wa nchi kavu. Alikuwa fundi kweli, hilo tusimnyime. Lakini alijua sana kwamba yeye ni fundi.

Mwaka huo Maoulida alikuja Mahajanga kwa sherehe za Maulidi. Alimkuta Hayrat na taa ya nyuma iliyovunjika. Sanduku la mokary lilikuwa limeigonga mpaka ikapasuka, na indiketa za nyuma, zile taa za kuonyesha unakokata kona, zilikuwa zimekatika zote mbili.

"Shemeji, nimekuletea zawadi," Maoulida akasema. Akatoa kiboksi mkobani. "Taa ya LED. Si balbu kama hii yako. Humu ndani kuna kila kitu pamoja: taa ya nyuma, taa ya breki, na indiketa za kulia na kushoto. Nosy Be vijana wote wanazo."

"Ahsante sana, shemeji," Hayrat akasema. "Fundi wa pikipiki yuko hapo karibu na soko. Nitampelekea aifunge."

Maoulida akacheka. "Fundi? Mimi nimefunga taa za boti zaidi ya mia. Uipeleke kwa fundi?"

Nyumbani kwao walisema Kikomoro, lugha ya babu zao, na katika lugha hiyo, kama katika Kiswahili, zawadi ya shemeji haikataliwi na mkono wa shemeji hausukumwi. Hayrat akampa ufunguo wa pikipiki.

Maoulida akaifunga taa kwa nusu saa. Akakata, akasokota nyaya, akazungushia utepe wa plastiki. Kisha akawasha swichi. Lo! Taa nyekundu ikang'aa ua mzima. Watoto wakashangilia. Akawasha indiketa, nayo ikapepesa mbiombio, tiktiktiktik.

"Mbona inapepesa haraka hivi?" Hayrat akauliza.

"Ndiyo uzuri wake. Kitu kinachopepesa haraka kinaonekana mbali."

Allaoui akafurahi kuliko wote. "Sasa mke wangu ataonekana mpaka Amborovy," akasema.

Ikapita wiki moja. Jumatano jioni mvua ilikuwa ikinyesha. Hayrat alikuwa njiani kwenda Amborovy, sanduku limejaa. Mbele yake mkokoteni wa ng'ombe ukaingia barabarani ghafla. Hayrat akafunga breki, ya mkono na ya mguu, kama inavyotakiwa. Pikipiki ikasimama vizuri. Teksi iliyokuwa nyuma yake haikusimama.

Alijikuta amekaa kwenye maji. Mkono wa kushoto ulimuuma. Sanduku lililotokeza nyuma ndilo lililogongwa na kupasuka, na mokary zilitapakaa barabarani. Pikipiki ilikuwa imelala ubavu, na taa yake ya nyuma ilikuwa nzima. Bado iling'aa.

Dereva wa teksi alitoka mbio. "Hukufunga breki!" akapiga kelele. "Nimekufuata tangu sokoni! Taa yako inawaka vilevile, inawaka vilevile, mara nimekugonga!"

Watu waliokusanyika walisikia maneno mawili tu: hukufunga breki. Habari hiyo ilifika Mahabibo kabla ya Hayrat mwenyewe. Lakini Hayrat alisikia pia maneno mengine, na hayo yakamkaa kichwani. Inawaka vilevile.

Nyumbani, Allaoui alimfunga mkono kwa kitambaa. Alikuwa na machozi. "Imetosha," akasema. "Youssouf wa nyumba ya tatu anaitaka pikipiki. Jumapili alasiri aje aichukue. Wewe utauzia mokary hapa hapa mlangoni."

"Hapa mlangoni kila nyumba inaoka mokary," Hayrat akasema. "Nitamuuzia nani? Nimeijenga njia ile ya Amborovy kwa miaka mitano."

"Shemeji," Maoulida akaingilia, "usione vibaya. Pikipiki inataka moyo mkavu. Mwanamke akishtuka, anasahau breki. Ndivyo alivyo."

"Nilifunga breki."

"Dereva amesema hukufunga."

"Dereva hakuona mguu wangu. Aliona taa yako."

Allaoui akatazama chini. Maoulida akatabasamu tabasamu la mtu mzima anayemsamehe mtoto. Tabasamu hilo ndilo lililomtia Hayrat hasira kuliko teksi. Usiku ule hakulia, alikasirika tu, na hasira yake ilikuwa na kazi ya kufanya.

Asubuhi hakuoka. Aliisukuma pikipiki kwa mkono mmoja mzima na mmoja mbovu, mpaka karibu na soko. Huko, chini ya turubai la buluu, alikaa Fazul, fundi wa umeme wa pikipiki. Fazul alikuwa na ulimi mkali na mikono safi, jambo ambalo si la kawaida kwa fundi.

"Akory, bweni," Fazul akamwamkia, kama watu wa hapo wanavyomwamkia mwanamke wa heshima; bweni kwao ni bibi. "Wewe ndiye usiyefunga breki?"

"Usinianze, fundi. Nimekuja kuuliza, sikuja kuchekwa."

"Haya. Kaa juu ya pikipiki. Washa swichi. Kanyaga breki."

Hayrat akakanyaga. Fazul akatazama nyuma.

"Kanyaga, bweni."

"Nimekanyaga."

"Achia. Kanyaga tena." Fazul akainama, akaweka kiganja chake karibu na taa. Mwanga kwenye kiganja haukubadilika hata kidogo. Akainuka polepole, na sasa hakuwa na mzaha tena. "Nani amekufungia taa hii?"

"Shemeji yangu. Fundi wa boti."

"Basi sikiliza. Taa hii ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kusema, 'Nipo hapa.' Kwa hiyo inawaka kidogo, muda wote. Kazi ya pili ni kusema, 'Nasimama!' Kwa hiyo ukifunga breki inawaka kwa nguvu. Kila kazi ina waya wake. Shemeji yako ameziunganisha nyaya zote mbili za taa kwenye waya mmoja wa pikipiki, ule wa muda wote. Taa yako inapiga kelele ya breki tangu unapotoka nyumbani. Mtu anayepiga mayowe kutwa nzima, siku nyumba yake ikiungua nani atatoka?"

Akamwonyesha waya mmoja wa pikipiki, umekatwa na kuzungushiwa utepe peke yake. "Huu hapa ndio waya wako wa breki. Umefungwa mdomo, maskini."

Kwa hiyo alifunga breki. Alijua tangu mwanzo kwamba alifunga, lakini kujua peke yako ni kuchungu.

"Nikurekebishie?" Fazul akauliza.

"Hapana," Hayrat akasema.

"Hapana?"

"Usiiguse. Ukiitengeneza leo, watasema umenipa maneno ya kujitetea. Nataka waione ilivyo. Jumapili asubuhi njoo kwangu na vifaa vyako. Na kuanzia sasa mpaka hiyo Jumapili, nifundishe. Taa hii nitaifunga mwenyewe."

Fazul akamtazama mkono uliofungwa kitambaa. "Wewe mgumu," akasema.

"Mimi ni mwoka mokary. Nimezoea moto."

Jumapili asubuhi Hayrat aliitoa pikipiki uani. Akamwita mumewe. Akamwita shemeji yake. Fazul alikuwa amekaa kando na mkoba wake.

"Shemeji," Hayrat akasema kwa heshima zote, "nakuomba jambo moja tu, kisha nitanyamaza. Simama nyuma ya pikipiki, hatua kumi. Itazame taa. Kila nikifunga breki, sema."

Maoulida akasimama, mikono nyuma. Hayrat akapanda, akawasha swichi. Salovana yake ilifunika mguu na kanyagio. Kuku alipita. Allaoui aliuma kucha.

Baada ya muda Hayrat akageuka. "Umeona mara ngapi?"

"Hujaanza," Maoulida akasema.

"Nimefunga mara tatu."

"Haiwezekani."

"Mume wangu, njoo mbele. Tazama mguu wangu. Nahesabu kwa sauti." Akainua salovana kidogo, akakanyaga. "Moja. Shemeji, umeona? Mbili. Umeona? Tatu. Je?"

Allaoui aliuona mguu ukishuka mara tatu. Alimwona kaka yake hatua kumi nyuma, anatazama taa tu. Uso wa Allaoui ukabadilika. Aliikumbuka ile teksi.

"Kaka," akasema kwa sauti ndogo, "hukuona kitu?"

Maoulida alijaribu bado. "Kwenye boti, taa ya nyuma inawaka kwa nguvu zote, safari nzima. Ndivyo tunavyofanya. Mwenye boti kubwa anakuona mbali, anakupisha."

"Ni kweli kabisa," Fazul akasema, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Kwa boti umefanya sawa. Lakini boti haina breki, kaka. Hakuna boti inayosimama ghafla mbele ya mkokoteni wa ng'ombe."

Maoulida akagusa ndevu zake.

"Shemeji, sikuita watu wakucheke," Hayrat akasema. "Lakini pikipiki yangu haitauzwa kwa kosa ambalo si langu. Sasa kaa hapa utazame. Nafunga upya."

Kwanza akazima swichi na kufungua waya wa hasi wa betri, ili nyaya zisigusane zikatoa cheche. Akakata viungo vyote vya zamani. Ndani ya utepe wa plastiki maji ya mvua yalikuwa yameingia, na shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani.

"Umeona?" Fazul akasema. "Chumvi ya hewa yetu hula hata shaba. Wiki moja, na waya umeanza kuoza."

Hayrat akarudisha waya wa betri ili apime. Fazul akampa taa ya kupimia. Ni kitaa kidogo chenye ncha, na waya wenye kibanio. Akabana kibanio kwenye waya wa hasi, kisha akagusa kwa ncha waya mmoja mmoja wa pikipiki. Waya uliokiwasha kitaa muda wote taa za pikipiki zikiwa zimewashwa, huo ni wa taa ya nyuma. Waya uliokiwasha pale tu alipokanyaga breki, huo ni wa breki. Akajaribu na breki ya mkono pia, kwa sababu kila breki ina swichi yake, na moja ikifa nyingine haitakuambia. Nyaya mbili zilizokipepesa zilikuwa za indiketa, kulia na kushoto. Kila mmoja akaufunga kijikaratasi.

"Kwani si ungefuata rangi tu?" Allaoui akauliza.

"Rangi ni maneno ya muuzaji," Hayrat akajibu. "Kipimo ni ushahidi."

Fazul akacheka. Maneno hayo yalikuwa yake.

Nyaya za taa mpya nazo wakazipima kwa betri. Kisha Hayrat akafungua tena waya wa hasi, akaanza kuunganisha. Taa ya nyuma kwa taa ya nyuma, breki kwa breki, kulia kwa kulia, kushoto kwa kushoto, na hasi kwa waya wa hasi wa pikipiki, si kwa chuma chenye rangi na kutu. Kila kiungo akakilehemu kwa risasi iliyoyeyushwa. Juu yake akavuta kijibomba cha plastiki ambacho kikipata joto hujibana, maji yasipate njia.

Hapo mkono wake mbovu ukamshinda. Waya ukaponyoka mara mbili. Fazul alikaa pale pale, kwa sababu walikubaliana kwamba atafunga mwenyewe. Allaoui hakujua pa kushika.

Maoulida akapiga magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na siku hiyo Maoulida aliinama kweli, kanzu yake ya sherehe kwenye mchanga. Akaushika waya kwa vidole viwili, imara.

"Lehemu, shemeji," akasema. "Nimeshika."

Hakuomba msamaha kwa maneno. Hayrat hakungoja. Akalehemu.

Ikabaki indiketa. Fazul akatoa kikopo kidogo cheusi kiitwacho flasha, kile kinachofanya indiketa ipepese. "Flasha ya zamani imezoea balbu, na balbu hula umeme mwingi," akaeleza. "LED hula kidogo. Flasha hudhani balbu imekufa, ndiyo maana ikapepesa mbio. Haikuwa uzuri, ilikuwa malalamiko. Weka hii ya LED."

Akaongeza jambo jingine. Katika taa ya pamoja, indiketa ya kulia na ya kushoto ziko karibu sana, na mchana ni vigumu kuzitofautisha. Basi wakafunga indiketa mbili ndogo kwenye pembe za sanduku jipya lililochukua nafasi ya lile lililopasuka, mbali mbali. Sanduku lenyewe wakalisogeza mbele, lisiifunike taa. Nyaya wakazibana kwenye fremu, mbali na tairi, na kuziacha zimelegea kidogo zisikatike.

Betri ikarudishwa. Hayrat akapanda, salovana ikafunika mguu.

"Hatua kumi, shemeji."

Taa ilikuwa inawaka kwa utulivu, nyekundu ya kiasi. Mara ikaruka ikawa kali.

"Breki!" Maoulida akapiga kelele.

Ikatulia. Ikaruka. "Breki! Na hii, breki! Kulia! Sasa kushoto!" Alikuwa anapaza sauti kama yuko gatini. Jirani mmoja akachungulia ukutani.

Allaoui bado hakuridhika, au tuseme hofu yake haikuridhika. Akaazima pikipiki ya Fazul. Akamfuata mkewe hadi Amborovy na kurudi, nyuma yake njia nzima. Waliporudi, jioni ilikuwa inaanza. Youssouf alikuwa mlangoni, ameegesha pikipiki yake kuukuu, na kofia mkononi.

"Nimekuja kwa ile habari yetu," Youssouf akasema. Akaitazama pikipiki ya Hayrat, akaitazama taa. "Mmeitengeneza na taa pia! Basi tumalize, Allaoui."

Allaoui akashuka. Akavua kofia polepole. "Nimemfuata mke wangu njia nzima," akasema. "Kila alipofunga breki, nilijua. Mkono wangu ulifunga pamoja na wake. Yule wa teksi hakupata nafasi hiyo." Akasita. Kaka yake alikuwa amesimama pale, lakini Allaoui hakumtazama kuomba ruhusa. "Karatasi zina jina langu. Pikipiki si yangu. Muulize mwenyewe."

Youssouf akamgeukia Hayrat.

"Haiuzwi," Hayrat akasema. "Leo haiuzwi, na kesho usirudi kuuliza. Kesho hiyo hiyo namfuata karani wa usajili wa magari, jina libadilishwe."

"Hata baada ya ajali?" Youssouf akashangaa. "Bweni, njia ile ina hatari."

"Ina hatari, ndiyo. Hebu panda ya kwako. Washa. Funga breki."

Youssouf akacheka, akapanda, akakanyaga. Watu wanne walisimama nyuma yake, wakatazama. Akakanyaga tena.

"Mmeona?" akauliza.

Taa yake ya nyuma ilikuwa giza tupu. Hata ule mwanga mdogo wa 'nipo hapa' haukuwaka.

"Umekuja nayo hivyo kutoka wapi?" Allaoui akauliza.

"Kutoka kazini," Youssouf akasema. Tabasamu lilikuwa limetoweka. "Kila siku natoka nayo kazini."

Hayrat akaunyosha mkono wake uliofungwa kitambaa kwa Fazul, na Fazul akamwekea kiganjani ile taa ya kupimia.

"Usishuke," Hayrat akamwambia Youssouf. "Acha swichi imewaka, mguu kwenye breki." Akachuchumaa nyuma ya pikipiki, akautafuta waya wa kwanza.